Nani kakwambia umeshindwa kulea?

SEHEMU YA 1

Mlionizoea mnajua huwa naandika mambo ya chanjo, uji wa lishe na homa za usiku. Wiki hii mnivumilie, nataka kugombana na watu. Nitagombana na mama wakwe, mawifi, akina baba, manesi wenzangu na hawa walimu wa malezi wa mtandaoni. Kama umo kwenye orodha usikimbie, soma mpaka mwisho halafu ndo unitukane.

Ugomvi wangu ni na neno moja: "Umemdekeza."

Mtoto wa mwaka na nusu akijigaragaza pale Sangasanga tukisubiri daladala, kisa kanyimwa soda, lazima atokee mtu wa kulisema. Mtoto wa miaka miwili akimng'ata mwenzake kwenye ibada, linasemwa. Akikataa ugali, akilia usiku, akimpiga bibi yake kofi, akivua nguo mbele ya wageni, ni lile lile. Umemdekeza, mtoto amekushinda, sisi wetu hawakuwa hivyo. Na anayesema wala si lazima amjue yule mama. Anaweza kuwa muuza karanga tu anayepita.

Sasa mtazame yule mama. Muda mfupi uliopita alikuwa amemwinamia mtoto anajaribu kumtuliza. Akishasikia lile neno anabadilika sura, anamwinua mtoto kwa mkono mmoja, paa! Na ukimwangalia vizuri, wakati anachapa macho yake hayako kwa mtoto. Yako kwa watu. Anataka waone kwamba na yeye ni mama.

Ndo maana nasema, na nitarudia wiki nzima: watoto wengi wa umri ule wanapigwa kwa sababu mama yao kaaibishwa mbele za watu. Soda ni kisingizio. Fimbo anaishika mama, lakini waliompa ni wale waliokaa pembeni wakitoa hukumu.

Mimi ni nesi wa diploma. Saikolojia sikuisomea na sijifanyi bingwa. Ila wodi ya watoto naifahamu, na kliniki naifahamu, na naona kinacholetwa baada ya hayo maneno.

Nitoe mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha vitu vidogo ili mtu asitambulike. Mtoto wa kiume, miaka miwili na miezi minne, kaletwa na mama wa miaka 21. Mapaja yana alama ndefu ndefu, zile za waya wa chaja, wewe ukishaziona mara moja huzisahau. Mama anasema kaangukia kuni. Nikamwambia wifi yake atusubiri nje. Tulipobaki wawili akalia kwanza, halafu akasema: "Sista, kamwaga mafuta ya kupikia, lita nzima. Mama mkwe akasema wa miaka miwili tu anakushinda, ukizaa wa pili itakuwaje. Wakacheka wote."

Wakacheka wote. Mimi hapo ndo nilipokwama. Mafuta yana bei, sikatai, na hasira ya lita nzima kumwagika sakafuni naielewa kabisa. Lakini mama yule hakuniambia habari ya bei. Aliniambia habari ya kicheko.

Daktari alimwona mtoto, ustawi wa jamii wakaitwa, taratibu zikafuatwa. Mtoto kapona ngozi. Wale waliocheka hawakuitwa na mtu.

SEHEMU YA 2

Nimepokea meseji nyingi tangu juzi. Wengine wananipongeza, wengine wananiambia nafundisha watu kulea wahuni. Mmoja kaniandikia methali, "samaki mkunje angali mbichi." Sawa mama yangu, nimekusikia. Ila mtoto wa miezi ishirini hata samaki bado hajawa, huyo ni yai.

Hebu tuongee habari ya kichwa cha mtoto. Sehemu ya ubongo inayomfanya mtu ajizuie, asubiri, afikirie kabla hajatenda, iko hapa mbele nyuma ya paji la uso. Hiyo ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko zote, haimalizi mpaka mtu yuko kwenye miaka ya ishirini na kitu. Ndo maana hata kijana wa chuo, mtu mzima mwenye ndevu, anamaliza hela ya kujikimu wiki ya kwanza. Halafu wewe unataka mwenye miaka miwili ajizuie asiguse simu inayowaka taa!

Na maneno. Mtoto wa miaka miwili tunatarajia awe na maneno kama hamsini hivi na awe ameanza kuunganisha mawili: "mama maji", "baba enda." Sasa fikiria una njaa, una usingizi, soksi inakubana, umeona kitu unakitaka na kimechukuliwa, na maneno uliyonayo ni hamsini, na "soksi" halimo. Utafanyaje? Utalia. Utajirusha chini. Kung'ata, kupiga, kurusha sahani, kusema hapana kwa kila kitu hata kile anachokitaka, haya yanaanza kama kwenye mwaka mmoja, yanapamba moto kwenye wa pili na wa tatu, na kwa wengi yanapungua yenyewe maneno yakishaongezeka. Mtoto anayesema "hapana" hajakudharau. Ndo kwanza kagundua kwamba yeye ni mtu na wewe ni mtu mwingine, na hilo ni jambo la kushangaza sana ukiligundua kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo mtu akisema "huyu ana kiburi", mimi huuliza ana umri gani. Kiburi kinahitaji hesabu. Inabidi ujue mwenzako anataka nini, ujue itamuuma, halafu uamue kumuumiza. Wa miezi ishirini hesabu hiyo hana.

Na hapa sheria yetu imewapita wengi kwa akili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza mateso na adhabu za kikatili. Haijakataza kila adhabu ya mzazi, nisiwadanganye. Lakini inasema adhabu haikubaliki ikiwa imepita kiasi ukilinganisha na umri wa mtoto na hali yake ya mwili na akili. Na inaendelea: haikubaliki kama mtoto, kwa udogo wake, hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa nini. Soma tena hapo. Yaani waliotunga sheria pale Dodoma walishaona kwamba kuna umri ambao ukimchapa mtoto unachapa tu, hakuna somo linaloingia. Anachoelewa ni kwamba mama, yule anayemkimbilia akiumia, ndiye anayeumiza. Halafu mnashangaa baada ya kipigo analia huku anamng'ang'ania aliyempiga. Aende wapi sasa?

Baba mmoja kaniuliza, "Mbona akichapwa anaacha?" Anaacha kwa dakika tano, shemeji. Kesho anarudi pale pale kwenye pipa la maji. Ingekuwa anaelewa usingemchapa kosa lile lile kila siku.

SEHEMU YA 3

Leo nagombana na nyumbani kwetu, upande wa hospitali pia umo.

Kuna neno jingine ambalo pwani yote na hapa Morogoro tunalijua, ila tunalisema kwa sauti ya chini: kubemenda. Mtoto akidhoofu, akichelewa kutembea, akiwa wa kulialia, akiharisha, watu wanaanza kuhesabu vidole. Mama kalala na mwanaume kabla ya muda, au baba katoka nje, lakini mwisho wa hesabu anayetazamwa ni mama. Nimekutana na mama kamficha mtoto nyumbani miezi mitatu, haji kliniki, kwa kuogopa wanawake wenzake kwenye benchi watasema kambemenda. Yule mtoto alikuwa na utapiamlo na damu imepungua. Miezi mitatu! Aibu ilimzuia kupata matibabu.

Ndo ninachowaambia. Neno la kumlaumu mama linaficha ugonjwa. "Umemdekeza" linafanya kazi ile ile, ila limevaa suti.

"Huyu mtoto hasikii, kichwa ngumu." Mara ngapi tumesema? Na kuna watoto kweli hawasikii. Masikio yametoa usaha mara tatu nne, yakawekewa mafuta ya moto na maji ya majani, sasa usikivu umepungua. Unamwita hageuki, unamchapa. Mjaribu: simama nyuma yake asikuone, gonga kijiko kwenye kikombe. Asipogeuka mlete.

"Huyu ni wa kulialia tu, kila kitu analia, na anakula udongo kwa makusudi." Zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania wenye umri kati ya miezi sita na miaka mitano wana upungufu wa damu. Mtoto mwenye upungufu wa damu anachoka, anakasirika upesi, halali vizuri, na wengine ndo hao wanaokula udongo, mkaa na majivu. Hilo kipimo kidogo cha damu kinakwambia. Fimbo haiongezi damu.

"Anadeka, hataki kutembea, anataka abebwe." Angalia vidole vya mikono na miguu. Vikivimba na kuuma, hasa kwa mtoto kati ya miezi sita na miaka miwili, tunafikiria selimundu. Tanzania ni moja ya nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nayo. Mtoto wa selimundu analia usiku kwa maumivu ya mifupa na asubuhi mnamwambia ana deko.

Halafu hili linalotisha: mtoto analia, anavuta pumzi, haitoki, anakuwa wa bluu, analegea. Watu wanapiga kelele mapepo, wengine wanamtikisa, wengine wanamwagia maji. Jamani msimtikise na msimpe kitu mdomoni. Mlaze ubavu, subiri, mara nyingi ndani ya dakika moja anarudi mwenyewe. Ikitokea mara ya kwanza lazima aonwe na daktari, tuhakikishe si degedege wala moyo, na tupime damu, maana kwa baadhi yao madini ya chuma yakirekebishwa hali inapungua. Ikichelewa kuisha, mkimbize hospitali. Mama wa mtoto wa namna hii huwa anaogopa kumkataza chochote mpaka anakuwa mtumwa wa mtoto, na hapo watu wanasema, si unaona, kamdekeza.

Chakula. Mwaka wa kwanza mtoto anafikisha uzito wa kama mara tatu ya aliozaliwa nao. Mwaka wa pili anaongeza kilo mbili mpaka tatu tu hivi. Kwa hiyo njaa yake inapungua kweli, ni mwili wake, hakususii mapishi. Na bado kuna nyumba mtoto anazibwa pua ili afungue mdomo amiminiwe uji. Uji ule ukienda kwenye mapafu tunakutana wodini. Mtoto ambaye kadi yake inapanda vizuri akikataa vijiko vitatu vya mwisho, mwacheni.

Sasa kuachisha ziwa. Hapa nataka nikae kidogo, maana naona ndo chanzo cha nusu ya vituko ninavyoletewa vya miaka miwili, na watu hawaunganishi. Tunafanyaje? Tunapaka shubiri au pilipili kwenye chuchu. Au mama anaamka asubuhi anampakia mtoto kwenye gari la mboga linaloshuka na kupanda Mgeta, anapelekwa kwa bibi kule Nyandira kwenye baridi, wiki mbili, "asahau." Kwa siku moja mtoto kapoteza ziwa, kapoteza mama, kapoteza kitanda chake na harufu anayoijua. Mtu mzima akipoteza vyote hivyo kwa siku moja tunamkalia matanga. Mtoto akirudi anamng'ang'ania mama mpaka chooni, anakojoa tena kitandani, anapiga watu, halali. Mnasema "kule kwa bibi kadekezwa." Bibi wa watu hana kosa! Yule mtoto ana msiba.

Sisemi usimpeleke kwa bibi. Mpeleke, ila usifanye yote siku moja. Punguza nyonyo la mchana kwanza, la usiku libaki mpaka mwisho, baba amlaze siku kadhaa. Na kama hakuna sababu ya kuacha, shauri la kitaalamu ni kunyonyesha mpaka miaka miwili na zaidi, kwa hiyo hao wanaokwambia mtoto wa mwaka na miezi minne ni "mkubwa sana kunyonya" waache waongee.

Na nyie wenzangu wa gauni jeupe. Serikali ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile tunayoiita PJT-MMMAM. Ina mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Kwenye vituo vingi mama anasikia mawili ya kwanza, kilo na sindano, basi. Baada ya sindano ya surua-rubela ya mwezi wa 18 wengine hawaonekani tena mpaka mtoto augue, na huo mwezi wa 18 ndo vituko vinaanza. Alitakiwa apate mtu wa kumuuliza, "mtoto anasemaje, anachezaje, wewe mwenyewe unalala?" Badala yake kuna wenzetu wanapaza sauti kwenye foleni, "Wewe mama, hebu mnyamazishe mtoto wako, ulizaa wa nini?" Ukimwambia mama hivyo mbele ya benchi zima, mwezi ujao haji, na akifika nyumbani nani atalipa ile aibu mnajua.

SEHEMU YA 4

"Sisi tulipigwa na tumekuwa watu."

Nimehesabu, nimeandikiwa hivi mara kumi na saba. Haya tuijibu.

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa kuhusu ukatili kwa watoto, ripoti ikatoka 2011. Waliulizwa vijana wa miaka 13 mpaka 24. Karibu robo tatu yao, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kufika miaka 18. Robo tatu! Kama kipigo ndicho kinachotengeneza watu, basi nchi hii ingekuwa haina mwizi wa kuku, haina mume mlevi, haina mla rushwa. Tungefunga magereza tukayafanya maghala ya mahindi.

Kuna utafiti mwingine ulichapishwa 2014, wa wanafunzi 409 wa shule moja ya msingi ya serikali hapa hapa Tanzania. Karibu wote walishapigwa. Na waliopigwa zaidi nyumbani ndio waliokuwa na ugomvi na utukutu zaidi. Najua mtasema wanapigwa kwa sababu ni watukutu. Inawezekana na hiyo imo, na wale walikuwa wakubwa kidogo kuliko hawa wa kwangu. Lakini basi nionyesheni upande wa pili, kwamba kipigo kiliwapunguzia. Hakipo.

Wewe ulipigwa ukawa mtu, ni kweli. Ulipigwa, na pia ulikuwa na bibi wa kukimbilia, mama mdogo jirani, mjomba wa kukutetea, watoto kumi na mbili wa kucheza nao uwanjani. Unakumbuka fimbo kwa sababu inauma. Hukumbuki ile mikono mingine.

Na hapa ndo naiona dhuluma yenyewe. Huku Uluguru ukoo unahesabiwa kwa mama. Mashamba ya mlimani yalipita kwa akina mama, na mjomba alikuwa na sauti kuliko baba. Mtoto akishindikana mama hakusimama peke yake kujibu, ulikuwa ukoo mzima. Leo binti huyo huyo wa Kiluguru kapanga chumba kimoja Changarawe, mume yuko kibaruani au mwanafunzi, jiko la mkaa liko mlangoni, mtoto yupo mgongoni au kwenye kona, na majirani ni watu waliohamia jana. Mikono yote imeondoka. Methali ndo zimebaki! Anaambiwa "asiyefunzwa na mamaye", anaambiwa "mchelea mwana kulia hulia yeye." Hakuna anayemkumbusha kwamba tuna nyingine, mkono mmoja haulei mwana. Hiyo wakwe huwa wanaisahau.

Akina baba, kwenu ni fupi. Mtoto akihesabu moja mpaka kumi ni "dume langu." Akimpiga mgeni ni "mtoto wako huyu." Chagueni moja.

Sasa wale wa mtandaoni. Nilisema nitawafikia. Huyu hapigi mtu, huyu anatabasamu. Anakaa kwenye zulia, nyuma yake kuna kabati la vitabu vya watoto, anamwambia mama wa Kitanzania asimwambie mtoto "hapana" maana ataharibika kisaikolojia, atenge chumba cha kutulia, achague midoli ya mbao. Chumba cha kutulia! Mtu anaishi chumba kimoja. Halafu mtoto anakimbilia jiko la mkaa na mama anatafuta maneno laini ya kumwambia. Sema HAPANA, mama. Sema kwa sauti, mshike, mtoe. Moto hauna majadiliano, wala barabara ya Iringa yenye malori haina majadiliano.

Hawa wa zulia na wale wa fimbo mimi nawaweka kapu moja. Wote wanamwambia mama kwamba mtoto ni mtihani na yeye kafeli. Mmoja anasema kafeli kwa sababu kawa mpole, mwingine anasema kafeli kwa sababu kapaza sauti Jumanne jioni akiwa kachoka. Mama akishaamini kafeli, anafanya mojawapo ya mambo matatu, yote nimeyaona. Anapiga. Au anaacha kabisa, mtoto anashinda na simu. Au anampa dawa za mafua, zile zinazoleta usingizi, ili alale. Hii ya tatu naomba kwa magoti: dawa si mlezi. Dozi ikizidi mtoto mdogo anaweza kushindwa kupumua.

SEHEMU YA 5

Haya, mmeniuliza, "Sista umetukemea vya kutosha, tufanyeje sasa?" Nitajibu kwa vitu vinavyowezekana kwenye chumba kimoja.

Akijigaragaza, kwanza angalia usalama: jiko, maji ya moto, barabara. Ukishamtoa hapo, punguza maneno. Wakati analia kwa nguvu hasikii mahubiri. Kaa chini karibu yake, sema kitu kimoja kifupi, "nakuona umekasirika, mama yupo", nyamaza. Akiwa anapiga, shika mikono yake kwa upole, "hatupigi", basi. Na kile ulichomnyima usimpe kwa sababu kalia. Wengi hapa ndo tunapoharibu: tunakataa soda, analia, tunamchapa, HALAFU tunampa soda. Kajifunza nini sasa? Kwamba bei ya soda ni kofi moja.

Akishatulia mkumbatie. Kumkumbatia baada ya kilio hakumdekezi. Kinachomchanganya ni kanuni kubadilika kila siku kulingana na nani anatazama.

Nyingi unaweza kuziwahi. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka miwili anahitaji kulala saa 11 mpaka 14 kwa siku ukijumlisha na usingizi wa mchana, wa miaka mitatu na minne saa 10 mpaka 13. Kama mnalala saa tano usiku kwa sababu ya tamthilia na saa kumi na moja alfajiri kaamshwa mjini mnaenda sokoni, vituko vya saa nne msimlaumu. Beba kiporo cha kiazi au ndizi kabla ya kupanda daladala. Mpe kuchagua viwili vyote unavyovikubali, "unavaa hii au hii?", anajiona bosi na wewe umevaa unachotaka. Mpe kazi, mtoto wa miaka miwili anapenda kazi kuliko midoli: apeleke kijiko, achambue maharage, amwagie mchicha. Atamwaga maji, ndiyo. Kuhusu simu, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema chini ya miaka miwili hapana, na miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Siku unaumwa akaangalia katuni saa moja na nusu hajafa, usijihukumu, ila isiwe ndo yaya.

Ukihisi mkono unanyanyuka wenyewe, mweke mtoto mahali salama, toka mlangoni, hesabu mpaka ishirini, mwite jirani. Na kama umekuwa ukilia karibu kila siku wiki mbili mfululizo, hulali hata mtoto akilala, unahisi bora usingekuwepo, hiyo si tabia ya mtoto tena wala si uvivu wako. Ni ugonjwa na unatibika. Njoo kliniki, hata bila mtoto, sema "sista naomba tuongee." Ukiona mtoto wa jirani anaumizwa, namba ni 116, ni bure.

Mlete mtoto kama amefika mwaka mmoja hageuki akiitwa jina, amefika miezi 18 hana neno hata moja au haonyeshi kitu kwa kidole, miaka miwili haunganishi maneno mawili. Au alikuwa na maneno yakapotea, hii umri wowote, usisubiri. Ukiambiwa "wa kiume huchelewa", shukuru, halafu uje.

Kwa mama mkwe, namalizia na wewe kwa heshima zote, shikamoo. Siku mjukuu akimwaga mafuta, mchukue mgongoni, nenda naye mpaka kwa jirani mkaangalie kuku, umwachie mkwe wako nusu saa apige deki na avute pumzi. Akirudi mtoto, mwambie tu, "hata baba yake alikuwa hivi hivi." Maana alikuwa hivi hivi, bibi, tumeshauliza majirani.

Ijumaa nitaandika kukojoa kitandani, mmeniuliza sana. Wenye watoto waliofikisha mwezi wa 18 na hawajapata sindano ya pili ya surua-rubela, kliniki ni asubuhi, njooni na kadi.